Mwongozo kamili wa mashindano ya spelingi kwa mtoto anayeongea Kiswahili nyumbani

Herufi iliyomtoa binti yangu ukumbini mara ya kwanza alikuwa anaijua vizuri. Neno lilikuwa "cemetery". Tulikuwa tumelirudia dukani mpaka wateja wakalizoea, e tatu zimekaa mstari mmoja kama mayai kwenye trei. Akasimama, akalitamka, akaanza: sii, ii, em, ii, tii. Hapo ulimi ukarudi nyumbani. Akasema "e", e yetu ya Kiswahili, ile ya embe. Jaji akasikia A. Kengele ikalia. Mtoto akaenda kukaa pembeni akinitazama kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe, nami huko nyuma sikuelewa kilichotokea mpaka tulipokuwa ndani ya taksi, tumeshapita Iganga, akaniambia, "Mama, nilisema e. Lakini nilisema e ya kwetu."

Wakati huo alikuwa P4, yaani darasa la nne la msingi. Sasa yuko P7 na hajaacha. Mimi nina duka la fotokopi na vifaa vya shule hapa Malaba, upande wa Uganda, na nyumbani kwetu lugha ni Kiswahili kama ilivyo kwa nyumba nyingi za mpakani. Nayaandika haya kwa mzazi, mjomba, shangazi au mwalimu mwenye mtoto aliyeshikwa na ugonjwa huu wa spelingi, akidhani Kiswahili cha nyumbani kitamkwamisha. Kitamkwamisha mahali pamoja tu, pale pale kilipomkwamisha wangu. Kwingine kote kitamsaidia, ukijua namna ya kukitumia.

Mashindano yenyewe yakoje

Waandalizi hupenda kuchora nyuki kwenye mabango, kwa kuwa Kiingereza huyaita "spelling bee", na "bee" ni jina la mdudu huyo pia. Neno hilo kwa Wamarekani wa zamani lilikuwa na maana ya majirani kukusanyika kufanya kazi moja, mfano kushona mablanketi au kumenya mahindi. Huku tungesema msaragambo, na Waganda wangesema bulungi bwansi. Mashindano makubwa ya kitaifa ya Marekani yalianza mwaka 1925, na mvulana aliyeshinda, Frank Neuhauser, alipewa neno "gladiolus", jina la ua. Hapa Uganda, Enjuba ni miongoni mwa wanaoendesha mashindano ya shule za msingi, na shule nyingi huandaa ya kwao.

Utaratibu wa kawaida ni rahisi kuueleza. Mtoto anasimama mbele ya kipaza sauti. Msomaji anatamka neno. Mtoto analirudia, anaweza kuuliza maswali, anataja herufi moja moja, kisha analitamka neno tena kuonyesha amemaliza. Akikosea, kengele.

Hatua ya kwanza: pata kanuni kabla ya kununua chochote

Nimewafotokopia wazazi vitabu vizima, kisha wakagundua mashindano yanatumia kamusi nyingine. Kwa hiyo nenda kwa mwalimu au kwa waandalizi ukiwa na kalamu, uulize: kamusi ya mwisho ni ipi? Tahajia ni ya Uingereza au ya Marekani? Kuna orodha ya maneno? Raundi ya kwanza ni ya mdomo au ya kuandika? Mtoto ana muda gani? Akianza kutaja herufi, anaruhusiwa kuanza upya? Herufi mbili zinazofuatana, aseme "dabo eli" au "eli, eli"?

Swali la kamusi lina uzito kuliko yote. Shule zetu zinafundisha "colour", "centre", "travelled" na "programme". Mashindano ya taifa ya Marekani yanafuata kamusi ya Merriam-Webster, na mtoto anayejifunza kwa video za huko ataanza kuandika "color" na "traveled" bila kujua. Kama mashindano yenu ni ya tahajia ya Uingereza, video ziwe za kujifunza ujasiri tu, maneno ayachukue kwenye kamusi yenu.

Na orodha ukiipata, ihakiki. Mwaka mmoja niliwekewa orodha kwenye mashine nitoe nakala mia mbili, na nikiwa naipanga nikaona "accomodation" yenye m moja. Wenyewe waandalizi! Nikawapigia, wakashukuru, wakasema nitoe tu hivyo hivyo kwa kuwa muda umekwisha. Tangu hapo kila neno la orodha tunalipitisha kwenye kamusi kwanza, ndipo linaingia kichwani. Kosa likishaingia kichwani halitoki kirahisi.

Hatua ya pili: majina ya herufi

Watu huiruka hatua hii kwa kuwa wanaona ni ya chekechea. Usiiruke. Tatizo ni irabu tatu. E ya Kiingereza inaitwa "ii", na sauti hiyo kwetu ni I. A inaitwa "ei", ambayo iko jirani kabisa na e yetu. I yenyewe inaitwa "ai". Mtoto akiwa ametulia hachanganyi, lakini akiogopa anarudi kwenye herufi za nyumbani, na jaji hawezi kujua alikusudia nini.

Kisha kuna G na J, "jii" na "jei", ambazo wengi hubadilishana. Kuna kundi zima linaloishia na ii: bii, sii, dii, ii, jii, pii, tii, vii. Kipaza sauti kibovu kinazifanya zote ziwe kitu kimoja, kwa hiyo mtoto ajifunze kuzikata kwa nguvu, midomo ionekane. Z aiite "zedi". Akisema "zii" kama Wamarekani, jaji wa Uganda anaweza kusikia C. Na kama nyumbani au shuleni kuna Luganda, angalieni R na L katika kutamka neno lenyewe, maana asipolisikia sawasawa neno tangu mwanzo, herufi zote zitafuata njia isiyo yake.

Dawa tuliipata barabarani. Foleni ya malori hapa Malaba huwa ndefu, na kila lori lina namba. Binti yangu akitoka shule alikuwa anazisoma kwa sauti kwa majina ya Kiingereza: za Uganda zinaanza na U, za Kenya K, na trela za Kenya Z, ndiyo maana zedi haikumpa shida. Madereva walimzoea. Mmoja alikuwa akimwona tu anafunika kibao kwa mkono na kumwambia, "Leo hii hulipati." Dakika kumi kwa siku, muhula mmoja, na e ya kwetu haikurudi ukumbini tena. Wewe usiye mpakani tumia namba za boda boda.

Hatua ya tatu: lisome neno kwa Kiswahili

Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu ndicho kitu pekee kilichombadilisha binti yangu kutoka mtoto wa raundi ya pili hadi wa fainali.

Kiswahili kinaandikwa kinavyosikika. Kila irabu inatamkwa, hakuna herufi iliyokaa kimya kama mgeni asiyejulikana alikuja na nani. Kiingereza kinameza. Katika neno lenye silabi nyingi, silabi moja au mbili hupewa nguvu na zilizobaki humezwa, na irabu iliyomezwa husikika vile vile iwe ni a, e, i au o. Msikilize Mwingereza akisema "separate", "calendar", "definite", "privilege": katikati au mwishoni kuna sauti hafifu ambayo sikio haliwezi kuitambua. Watoto wengi huangukia hapo. Maneno marefu ya kutisha siyo yanayotoa watu wengi, kwa nilivyoona. Ni haya ya kila siku yenye irabu iliyomezwa.

Mtoto wa Kiswahili anaweza kuirudisha irabu hiyo kwa kulisoma neno kana kwamba ni la Kiswahili: se-pa-ra-te. De-fi-ni-te. Pri-vi-le-ge. Ka-le-nda-r. Ukilisoma hivyo hakuna kilichojificha. Herufi bubu nazo zinapata sauti: "Wednesday" inakuwa we-dne-sda-y, "knife" inakuwa k-ni-fe, "island" inakuwa i-sla-nd, "February" inakuwa fe-bru-a-ry. "Colonel", ambayo Waingereza wanaitamka kana kwamba ina r na haina l ya kwanza, inakuwa ko-lo-nel, karibu kabisa na kanali wetu.

Kwetu tunaziita sauti ya ukumbini na sauti ya mfukoni. Ya ukumbini ni ile ya msomaji, na mtoto lazima aitamke sawasawa mbele ya majaji. Ya mfukoni ni yake mwenyewe, hamwambii mtu. Kila neno jipya linaingia na sauti zote mbili siku hiyo hiyo. Akisimama mbele, anasikia ya ukumbini, anafungua mfuko, anasoma herufi moja moja.

Yapo mambo madogo ya kukubaliana kabla ya kuanza. Kiswahili hakina C iliyo peke yake, wala Q, wala X. Binti yangu aliamua C ni "che", CH ni "chhh" ya kupuliza, Q ni "kwu", X ni "ksi". Wako ataamua yake. Herufi mbili zinazofanana azigonge: a-che-che kwa neno linaloanza na acc, em-ba-r-ra-s-s kwa "embarrass". Yeye hugonga paja kwa kidole kila akifika kwenye herufi iliyorudiwa, na nimemwona akifanya hivyo jukwaani chini ya sketi ya shule, bila mtu kujua.

Hatua ya nne: uliza neno limetoka wapi

Katika mashindano mengi mtoto anaruhusiwa kuuliza maana, asili ya neno, litumike kwenye sentensi, na lirudiwe. Watoto wetu hawaulizi. Wamefundishwa kwamba kumuuliza mkubwa maswali mengi ni utovu wa adabu, basi wanalipokea neno kama chakula cha mgeni na kuanza kutafuna. Mfundishe kwamba hapa kuuliza ni sehemu ya mchezo. Mfundishe kwa sauti, hapo nyumbani, mpaka swali litoke bila aibu.

Maana inamwokoa kwenye mapacha. "Stationery" yenye e ndiyo ninayouza mimi, kalamu na karatasi, na "stationary" yenye a ni kitu kilichosimama tuli, kama malori yetu Jumatatu asubuhi. Kwa sikio ni moja. "Principal" na "principle", "complement" na "compliment", ni vivyo hivyo. Asipouliza maana anacheza kamari.

Asili nayo inampa ramani. Neno likitoka Kigiriki, sauti ya f huwa ph, sauti ya k mara nyingi ni ch, na i ya katikati inaweza kuwa y: "chemistry", "symptom", "rhythm". "Photosynthesis", wanayoisoma kwenye sayansi, ina ph na y: photo ni mwanga, syn ni pamoja, thesis ni kuweka. Akizijua sehemu hizo tatu, hana haja ya kuikariri.

Kifaransa kinaandika sh kama ch, ndiyo "chef", "machine" na "parachute". Kinaacha herufi za mwisho bila sauti, kama t ya "ballet" na "bouquet". Hata "lieutenant" inafunguka ukijua kwamba lieu ni mahali na tenant ni anayeshika: mtu anayeshikilia nafasi ya mwingine.

Kilatini ndicho chenye siri ya herufi zinazorudiwa. Kiambishi ad kikikutana na c kinageuka ac, na com inakuja na m yake kukutana na m ya neno linalofuata. Basi ac na com na modate, c mbili na m mbili. Laiti wale waandalizi wangejua hilo. Na kwa sauti ya "sid" mwishoni mwa kitenzi, kumbuka "supersede" pekee ndiyo yenye s, tatu zina ceed, yaani "exceed", "proceed" na "succeed", na zilizobaki ni cede.

Halafu kuna maneno ambayo mtoto wa Kiswahili anakutana nayo kama ndugu waliopotezana. Sifuri yetu, "zero" na "cipher" zote zimetokana na neno moja la Kiarabu. Kahawa na "coffee" pia. "Khaki" imetoka India, ikimaanisha rangi ya vumbi, na mwenye kaki ya shule hahitaji maelezo zaidi, ila akumbuke ile h baada ya k. Na "safari", "askari" na "uhuru" zimo kwenye kamusi za Kiingereza kama zilivyo. Siku binti yangu alipoambiwa asili ya neno ni Kiswahili alicheka hadharani, jaji naye akacheka.

Hatua ya tano: kadi na makasha matatu

Mabaki ya karatasi ya kukatia yananijaa dukani, hivyo kadi zetu ni za bure. Wewe kata manila au kurasa za kaunta buku. Upande mmoja andika maana na asili, upande wa pili neno. Tafuta makasha matatu ya viatu. Kadi mpya zinakaa kasha la kwanza, linalopitiwa kila siku. Mtoto anasoma maana, anaandika neno bila kuchungulia, anageuza kadi. Akipata, kadi inahamia kasha la pili, linalopitiwa kila baada ya siku tatu. Akipata tena, la tatu, mara moja kwa wiki. Akikosea popote, kadi inarudi la kwanza, hata kama imebaki kidogo tu imalize safari. Hapo kutakuwa na machozi. Usihurumie kadi.

Maneno kumi mapya kwa siku yanatosha kwa P4 na P5, na wa P6 anaweza ishirini. Kumbuka pia kwamba shule nyingi za vijijini zinafundisha kwa lugha ya mahali P1 hadi P3 na kuhamia Kiingereza P4, kwa hiyo mtoto wa huko asisukumwe mapema. Akae kwanza na vitabu vya hadithi, ayapende maneno.

Wazazi tunapenda kukaa na orodha tukimuuliza mtoto, maana tunajisikia tunafanya kazi. Lakini mwaka 2011 Angela Duckworth wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto waliofika fainali ya taifa ya Marekani, wakakuta kwamba kilichosaidia zaidi ni mtoto kukaa peke yake na maneno, kuliko kuulizwa na watu au kujisomea vitabu vya kufurahisha. Watoto wenyewe walisema ndiyo sehemu ngumu na isiyofurahisha. Mimi nilipunguza kumuuliza, nikabaki na Jumamosi tu. Jioni za wiki anakaa na makasha yake nyuma ya mashine, nami nafanya hesabu zangu.

Kama yuko bweni, mpe kasha la kwanza tu aende nalo, na mwalimu ajue, lisije likachukuliwa siku ya ukaguzi. Yetu yalichukuliwa mara moja, kadi mia nne.

Hatua ya sita: mazoezi ya kusimama

Wiki tatu za mwisho, asifanye akiwa ameketi. Mwekee kijiko cha mwiko kama kipaza sauti, waite majirani wawili watatu, mmoja akohoe, mtoto mchanga alie, boda ipite. Aseme neno, aulize angalau maswali mawili hata kama neno ni rahisi, aandike kwa kidole kiganjani, ndipo ataje herufi kwa mwendo mmoja. Kanuni nyingi zinamruhusu kuanza upya lakini haziruhusu kubadilisha herufi alizokwisha kuzitaja, kwa hiyo mwendo wa pole una faida. Haraka haina baraka, na hapa ni kweli kwa kila herufi.

Mwonyeshe pia video za wakubwa wa mchezo huu. Mwaka 2024 Bruhat Soma alishinda Marekani kwa kutaja sawasawa maneno 29 ndani ya sekunde 90. Binti yangu lakini anampenda Jody-Anne Maxwell wa Jamaika, aliyewashinda Wamarekani kwao mwaka 1998 akiwa na miaka 12. Ameandika jina lake ndani ya kifuniko cha kasha la tatu.

Siku yenyewe

Kutoka Malaba hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na Mukono hakuna anayejua foleni itakuwaje. Tunasafiri siku moja kabla na kulala kwa dada yangu. Asubuhi chai na mkate, siyo rolex ya mafuta, ile chapati ya mayai. Maji kidogo. Hakuna kadi mpya siku hiyo, na mimi ndiye ninayebeba makasha ili asichungulie.

Mzazi, kaa mahali ambapo mtoto hakuoni. Nilijifunza kwa aibu: nilikuwa nasogeza midomo pamoja naye, na jaji akaniomba niende nje. Ni halali yake. Nikamalizia raundi ile nikisikilizia dirishani na walinzi.

Akitolewa, usimwambie neno lilikuwa rahisi. Mpe soda, mwache. Mkishaingia kwenye taksi mpe kadi tupu na kalamu, aliandike lile neno yeye mwenyewe, na nyuma yake lilikotoka. "Cemetery", kwa mfano, limetoka kwa Wagiriki, kwenye neno la mahali pa kulala. Kadi yake iko kasha la kwanza mpaka leo. Amekataa kuihamisha.